Baada ya Upasuaji Mdogo wa Goti: Nini cha Kutarajia Ukirudi Nyumbani

(Haya ni maneno ya afisa wa habari wa kaunti kwa wakazi na wahudumu wa afya ya jamii waliokutana Kaloleni. Yamefupishwa kidogo ili yaingie jaridani.)

  

Mimi si daktari. Kazi yangu ni habari, na nitakayosema leo yamepitiwa na wataalamu kabla sijasimama hapa. Nimeombwa nizungumzie goti kwa sababu hapa kwetu goti ni riziki. Mgema hupanda mnazi kwa goti. Dereva wa boda hukanyaga breki kwa goti. Mama huinama jikoni, huchota maji, huingia chooni, huswali, yote kwa goti. Likiharibika, nyumba nzima hujua.

Upasuaji ninaozungumzia ni ule wa matundu madogo, unaoitwa athroskopia. Daktari hatoboi goti zima. Hukata sehemu mbili au tatu, kila moja fupi kuliko kucha ya kidole gumba, akaingiza kamera nyembamba kama kalamu na vifaa vyake. Goti hujazwa maji maalum ili aone vizuri. Mara nyingi anachokwenda kutengeneza ni meniskasi, yaani kile kipande cha gegedu chenye umbo la mwezi mwandamo kinachokaa kati ya mfupa wa paja na wa muundi. Kikichanika, goti hukwama, huvimba, au hukuponyoka ukiwa unatembea.

Kazi yenyewe huchukua kama nusu saa hadi saa moja. Wengi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo au kesho yake. Na hapo ndipo shida huanzia, kwa lile neno "mdogo." Kilicho kidogo ni kidonda cha nje. Ndani, goti limekatwa, limeoshwa, limekwaruzwa, nalo linahitaji wiki kadhaa. Mtu akiangalia zile plasta mbili anajiona amepona, siku ya nne yuko shambani. Mwingine anafanya kinyume: analala kitandani mwezi mzima, hataki hata kukunja mguu, mpaka msuli wa paja unasinyaa. Wote wawili huishia kuchechemea.

Kabla sijaendelea, neno moja kwa walio na miaka arobaini na kuendelea ambao goti limeanza kuuma polepole bila ajali. Muulize daktari kama mazoezi yanaweza kutosha. Utafiti mmoja wa Ufini uliotangazwa mwaka 2013 uliwalinganisha waliokatwa meniskasi iliyochakaa na waliofanyiwa upasuaji wa kuigiza tu, na baada ya mwaka mmoja hali zao zilikuwa karibu sawa. Hiyo haina maana kwamba upasuaji ni mbaya. Kijana aliyeumia uwanjani na goti limekwama ni habari nyingine kabisa. Lakini kuuliza ni haki yako, na daktari mzuri hakasiriki.

Haya, tuseme umekubali na umefanyiwa. Nini kitatokea?

Ukiwa umedungwa sindano ya ganzi mgongoni, miguu itakuwa mizito kwa saa kadhaa. Usijaribu kushuka kitandani peke yako. Pengine mkojo utachelewa kutoka. Mwambie muuguzi, usione haya. Ukiwa ulilazwa kwa dawa ya usingizi, unaweza kusikia kichefuchefu na koo kuwasha. Yote hayo hupita.

Safari ya kurudi nyumbani ipangwe kabla ya siku yenyewe. Usirudi kwa bodaboda. Najua nitachekwa nikisema hivyo mbele ya hawa vijana, lakini goti lililopasuliwa asubuhi haliwezi kukunjwa juu ya pikipiki jioni. Tafuta gari ambalo unaweza kunyoosha mguu kwenye kiti cha nyuma, na uwe na mtu mzima wa kukusindikiza. Kama unatoka Mombasa kuja huku, muombe dereva asimame njiani, uchezeshe vifundo vya miguu.

Siku tatu za kwanza ndizo ngumu. Goti litavimba. Unaweza kusikia maji yakicheza ndani unapolisogeza. Ni yale maji ya upasuaji, mwili utayanyonya. Weusi wa damu unaweza kushuka mpaka kwenye muundi na kifundo, watu wakashtuka kwamba sasa mguu wote umeharibika. Ni damu inayofuata mteremko tu.

Sasa nifike mahali ambapo najua nitabishana na shangazi zangu. Kwetu mtu akiumia anakandwa kwa maji moto ya chumvi. Ni desturi nzuri na imewasaidia wengi wenye mgongo uliochoka. Lakini goti lililotoka kupasuliwa halikandwi kwa maji moto. Joto hufungua mishipa ya damu na uvimbe huzidi, na zaidi ya hapo unalowesha kidonda. Goti hili linataka baridi. Chukua chupa ya maji iliyoganda kwenye friji, yako au ya jirani anayeuza soda, izungushie leso, iweke kwenye goti dakika kumi na tano hadi ishirini, uitoe. Rudia mara kadhaa kwa siku. Barafu isiguse ngozi moja kwa moja, maana baridi nayo huunguza.

Ukilala, inua mguu juu kuliko moyo. Na mto uuweke chini ya kisigino au chini ya muundi. Usiuweke chini ya goti. Najua chini ya goti ndiko kunakostarehesha. Lakini goti likizoea kukaa limekunjwa, kulinyoosha tena ni kazi ya miezi, na goti lisilonyooka hukufanya uchechemee hata kama ndani limepona.

Mazoezi huanza mapema, mara nyingi siku hiyo hiyo. Hayahitaji vifaa. Chezesha vidole na kifundo juu na chini, kila saa ukiwa macho. Nyoosha mguu, kaza msuli wa paja kana kwamba unataka kuligandamiza goti kwenye godoro, hesabu mpaka tano, achia. Baada ya hapo mtaalamu wa viungo atakuonyesha kuinua mguu ukiwa umenyooka, na kuvuta kisigino polepole kuelekea makalio. Itauma kiasi. Maumivu ya kunyoosha ni ya kawaida; maumivu ya kuchoma kama kisu ni ishara ya kusimama na kuuliza.

Jambo ambalo hospitali husahau kulisema ni choo. Wengi wetu tuna choo cha shimo, na kuchuchumaa wiki ya kwanza hakuwezekani. Hili litengenezwe kabla hujaenda kupasuliwa. Chukua kiti cha plastiki kilicho imara, kikatwe tundu katikati, kiwekwe juu ya shimo. Mtu akiketi, mguu mgonjwa unanyooshwa mbele. Kwa hiyo hiyo akili, kuogea: keti kwenye kigoda kirefu, funga goti kwa karatasi ya nailoni, na kidonda kisilowe mpaka uambiwe. Nyuzi, kama zipo za kutolewa, hutolewa kati ya siku ya kumi na ya kumi na nne. Wanaoswali waswali wameketi kitini, na wanaopiga magoti kanisani vivyo hivyo. Mgonjwa ana ruhusa.

Magongo yana siri zake mbili. Uzito unakaa mikononi. Kwapa halibebi kitu, ukiliegemea utapata ganzi mkononi. Na kwenye ngazi: ukipanda, mguu mzima hutangulia, ukishuka, magongo na mguu mgonjwa hutangulia.

Dawa za maumivu zinywe kama ulivyoandikiwa. Tatizo letu ni kuongeza. Mtu amepewa diclofenac hospitalini, akaenda dukani akanunua vidonge vya maumivu vya rangi nyingine, kumbe ni dawa ile ile au ndugu yake. Hizo zikizidi huchoma tumbo na kuumiza figo. Mwenye vidonda vya tumbo, presha au ugonjwa wa figo amwambie daktari kabla ya kupewa. Mwenye sukari pia aseme, kwa kuwa sukari ikiwa juu kidonda huchelewa kufunga na hushika vijidudu upesi.

Sasa nisikilizeni hapa, hasa nyinyi wahudumu wa afya ya jamii mnaopita nyumba kwa nyumba. Mjomba wangu ni mgema. Alipasuliwa goti, kila kitu kikaenda vizuri, akarudi nyumbani. Siku ya sita shavu la mguu, huku nyuma chini ya goti, likaanza kuuma na kujaa. Lilikuwa la moto ukilishika. Nyumbani wakasema mguu umechoka kwa kulala, mafuta ya nazi yakapashwa, mtu akaitwa aje achue. Bahati yake, mhudumu wa afya wa kijiji chao alipita asubuhi ile. Aliangalia miguu yote miwili, akaona mmoja umeuzidi mwenziwe, akasema huyu hachuliwi, huyu anakwenda hospitali sasa hivi. Alipopimwa kwa mashine ya picha, damu ilikuwa imeganda ndani ya mshipa. Alipewa dawa ya kuzuia damu kuganda na akaitumia kwa miezi mitatu. Yuko salama.

Bonge la damu kama lile likisukumwa linaweza kung'oka na kusafiri mpaka kwenye mapafu. Hapo mtu anaweza kufa ndani ya dakika chache. Halitokei mara nyingi baada ya upasuaji wa aina hii. Lakini kwa kuwa kuchua ni jambo la kwanza tunalofikiria, kwetu hatari ni mara mbili. Ndiyo maana vidole na kifundo vinachezeshwa kila saa, na ndiyo maana mtu hatakiwi kulala tu kutwa kucha.

Kwa hiyo nenda hospitali bila kungoja kliniki yako ukiona shavu la mguu limevimba na kuuma. Ukisikia kifua kinabana au pumzi inakatika ghafla. Ukipata homa, usaha, au wekundu unaosambaa kwenye kidonda. Goti likijaa ghafla kwa maumivu yasiyosikia dawa. Au vidole vikawa baridi na huvisikii. Hata kama ni usiku. Hata kama jirani amesema ni kawaida.

Na kazi? Hili ndilo swali la pesa, kwa hiyo nitalijibu wazi. Anayefanya kazi ya kuketi anaweza kurudi baada ya wiki moja au mbili. Mwenye duka anayesimama, hesabu wiki tatu au nne. Wa boda: mguu wa kulia ndio breki ya nyuma, na pikipiki nyingi pia hupigwa kiki kwa mguu huo. Mpaka uweze kukanyaga breki kwa nguvu ghafla bila kusita, na usiwe unatumia dawa za kulewesha, abiria wako hayuko salama. Mgema na mchukuzi wa mizigo, wiki sita hadi nane au zaidi, na ruhusa itoke kwa daktari.

Kuna tofauti moja inayobadilisha hesabu yote. Kama meniskasi ilipunguzwa, yaani kipande kilichochanika kiliondolewa, wengi hukanyagia mguu mapema na kuachana na magongo baada ya siku chache. Kama ilishonwa, italindwa wiki nne hadi sita, na kuchuchumaa chini kabisa kunaweza kusubiri miezi minne. Kwa nje vidonda vinafanana. Kwa hiyo usiondoke wadini kabla hujauliza: "Daktari, umekata au umeshona?" Mwambie aliyekusindikiza asikie jibu naye, maana wewe utakuwa na usingizi wa dawa. Na jirani aliyepasuliwa mwaka jana akatembea siku ya tatu, msijilinganishe naye.

La mwisho ni malipo. Tangu Oktoba 2024 tuko chini ya SHA, na kama hujajiandikisha bonyeza *147# kwenye simu yako. Kabla ya tarehe ya upasuaji, uliza ofisi ya SHA hapo hospitalini kama idhini imeshatolewa, na uliza pia kama vikao vya mazoezi ya viungo vimo. Watu hupanga pesa ya upasuaji wakasahau nauli ya kliniki na wiki sita bila kipato. Keti na familia, pigeni hesabu hiyo mapema, na kama kuna chama, chama kijue.

Maswali ya kitabibu sitayajibu mimi. Mtaalamu wa viungo ameketi hapa mbele na amekuja na jozi mbili za magongo. Atawapima urefu wale wanaosubiri tarehe ya upasuaji, na atawaonyesha kupanda zile ngazi za ukumbi. Karibu, daktari.