Kurekebisha Daftari la Wanachama kwa Kompyuta

Daftari la chama likiwekwa katika faili la XML, mtindo uliopitishwa mwaka 1998, kila taarifa hufungwa baina ya lebo mbili: namba ya mwanachama, jina, kilo alizoleta. Programu fupi ya Python yaweza kurekebisha kumbukumbu elfu moja kwa mara moja. Vivyo hivyo yaweza kueneza kosa katika zote elfu.

Tuseme kilo za mwanachama mmoja ziliandikwa 45 badala ya 54. Katibu akiiamuru kompyuta igeuze kila 45 kuwa 54, namba ya mwanachama wa 45 nayo itageuka, na malipo yake yatakwenda kwa mwingine. Basi programu na isome muundo wa faili kwa chombo cha ElementTree, imtafute mhusika kwa namba yake, iguse kilo zake tu.

Kwanza wekeni nakala. Matokeo yaandikwe katika faili jipya. Kisha hesabuni: idadi ya wanachama isibadilike, jumla ya kilo iongezeke 9 tu, na kamati ithibitishe.

Jasho la mkulima limo katika tarakimu hizo.