Vijana Wetu Wasomi na Safari ya Kwenda Kufundisha Uchina

(Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei, Morogoro)



Wazee wa pwani wana usemi kwamba elimu itafutwe hata ikiwa Uchina. Walitaka kutufundisha kuwa umbali si kizuizi kwa mwenye kiu ya kujua. Siku hizi usemi huo umegeuka. Kijana wetu ameitafuta elimu na ameipata. Ana shahada mkononi, na sasa anataka kuipeleka Uchina akaiuze, kwa kuwa hapa nyumbani hakuona wa kuinunua. Ameambiwa kwamba huko walimu wa Kiingereza wanatafutwa kwa udi na uvumba, na kwamba mshahara wa mwezi mmoja unapita wa miezi mingi ya hapa. Anakuja kwa baba, kwa mama na kwa mjomba kuomba nauli na ada ya wakala.

Nimeombwa nitafakari pamoja nanyi jambo hili kwa upande wa haki. Sikuja kuwafungia vijana mlango, wala sikuja kuwasukuma watoke.

1. Kwa nini wanaondoka

Tusianze kwa kuwalaumu. Morogoro ni mji wa vyuo. Chuo Kikuu cha Sokoine kilianzishwa mwaka 1984, Mzumbe ikawa chuo kikuu mwaka 2001, na baadaye wakaja Chuo Kikuu cha Waislamu na Chuo Kikuu cha Jordan. Kila mwaka majoho huvaliwa, picha hupigwa, na wazazi walioteremka kutoka Mgeta, Matombo na Mkuyuni hurudi kwao wakiwa na furaha. Baada ya hapo huanza kungoja.

Zamani aliyehitimu ualimu alipangiwa kituo na Serikali. Alichongoja ni barua tu. Hali hiyo imekwisha. Mwaka 2016 Serikali ilisitisha ajira mpya ili kuwahakiki watumishi hewa, na wahitimu wakazidi kurundikana mwaka hata mwaka. Dalili zilikuwa zimekwisha kuonekana. Mwezi Juni 2014 Idara ya Uhamiaji iliita watu kwenye usaili wa nafasi 70, na waliojitokeza walizidi 10,000, hata ikabidi wakalishwe katika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam. Mwanzoni mwa mwaka 2025 walimu nao waliitwa kwenye usaili: waombaji walipita 200,000 kwa nafasi zisizofika 15,000.

Hapa pana jambo la kusikitisha. Tangu Januari 2016, elimu ilipotolewa bila ada hadi kidato cha nne, watoto wamefurika madarasani. Shule za milimani zinalia kwa kukosa walimu, hasa wa hisabati, wa sayansi na wa Kiingereza. Mwalimu yupo, naye amekaa kijiweni Msamvu akitafuta wakala wa safari. Mwanafunzi yupo, naye amekaa darasani bila mwalimu. Kati ya hao wawili pana ukuta, na ukuta huo haukujengwa na kijana.

Tena kijana huyo ana deni. Bodi ya Mikopo, iliyoanza kazi mwaka 2005, ilimsomesha, na tangu sheria ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2016 mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake hadi deni liishe. Asiye na mshahara deni halimsahau. Basi, tukisikia kijana anataka kwenda mbali, tusiseme upesi kwamba ni tamaa. Mara nyingi ni heshima yake ndiyo inayomsukuma, kwa kuwa amechoka kuomba sabuni kwa mama yake akiwa na shahada kabatini.

2. Kuondoka si kosa

Mafundisho ya jamii ya Kanisa yako wazi. Papa Yohane wa 23, katika waraka wake Pacem in Terris wa mwaka 1963, alitaja miongoni mwa haki za binadamu haki ya kuhamia nchi nyingine penye sababu ya haki. Papa Yohane Paulo wa Pili, katika Laborem Exercens ya mwaka 1981, alifundisha kwamba mtu ana haki ya kuondoka kwao kutafuta maisha bora, na pia ana haki ya kurudi. Lakini aliongeza kwamba anapoondoka mtu, nchi yake hupata hasara, kwa maana imepoteza mtu ambaye angeijenga. Mambo hayo mawili yatupasa kuyashika pamoja.

Sisi wenyewe tu matunda ya watu waliohama. Mapadre wa Roho Mtakatifu walioanza kazi Bagamoyo mwaka 1868, na baadaye wakapanda hadi milima yetu, waliacha kwao kuja kufundisha ugenini. Babu zetu nao waliteremka kutoka Uluguru kwenda kukata mkonge katika mashamba ya tambarare, wakarudi na shilingi ya kodi na bati la nyumba.

Wala Uchina si nchi ngeni kwetu. Wachina walijenga nasi reli ya TAZARA kati ya mwaka 1970 na 1975, nayo hupita Mlimba katika mkoa wetu. Mwaka 1972 vijana wa Tanzania na Zambia walipelekwa Beijing kujifunza kazi za reli. Kiswahili kimefundishwa katika chuo cha lugha za kigeni cha Beijing tangu mwaka 1961, na mwaka huohuo redio ya Peking ilianza kutangaza kwa Kiswahili. Wapo Watanzania waliokwenda huko kufundisha na kutangaza kwa lugha yao wenyewe, wakiwa na mikataba na heshima zao. Hali kadhalika, mpango wa Fulbright umewahi kuwachukua vijana wahitimu kwenda kufundisha Kiswahili katika vyuo vya Marekani kwa mwaka mmoja wa masomo. Njia halali zipo, ingawa ni nyembamba.

3. Sheria ya nchi waendayo

Wakala huimba sifa za mshahara, lakini ni nadra kuisoma sheria. Hebu tuisome sisi.

Uchina, tangu mwaka 2017, huwagawa wafanyakazi wageni katika makundi A, B na C. Mwalimu wa kawaida huwa katika kundi B. Kwa kawaida anatakiwa awe na shahada, awe na uzoefu wa miaka miwili, asiwe na rekodi ya jinai, na awe na cheti cha afya. Kwa somo la Kiingereza liko sharti jingine: mwalimu atoke katika nchi ambazo Kiingereza ni lugha ya kuzaliwa, kama Uingereza, Marekani, Kanada, Australia au Afrika Kusini. Tanzania haimo. Kijana wetu aweza kuzungumza Kiingereza safi kuliko Mwingereza, lakini kwa sharti hilo pasipoti ndiyo inayohesabiwa kabla ya ulimi. Twaweza kusema sharti hilo si la haki, na mimi nasema hivyo. Hata hivyo, kulichukia hakumwondolei mtu hatari ya kukamatwa. Anayetaka kufundisha somo jingine, mathalani hisabati, hakuwekewa sharti hilo la uraia, lakini shahada na uzoefu vinabaki palepale.

Mwenye kazi halali huingia kwa viza iitwayo Z. Mwajiri wa kule ndiye huanza: huomba kibali cha kazi, kisha hutuma hati ambayo mwombaji huipeleka ubalozini. Akifika, katika siku 30 hana budi kuomba kibali cha kuishi. Viza ya matembezi, ya biashara au ya masomo si viza ya kazi. Sheria yao iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2013 inasema kwamba mgeni anayefanya kazi bila kibali atatozwa faini kati ya yuani 5,000 na 20,000, na kosa likiwa kubwa atawekwa ndani siku 5 hadi 15. Aweza pia kufukuzwa nchini.

Tena soko lenyewe limebadilika. Mwezi Julai 2021 Serikali ya Uchina ilipiga marufuku biashara ya masomo ya ziada katika masomo ya shule, na vituo vingi vilivyokuwa vikiajiri wageni vilifungwa. Anayemsimulia kijana habari za neema ya kabla ya hapo anamwuzia kalenda ya zamani.

4. Mitego ya njiani

Mtego wa kwanza ni maneno haya: “Nenda kwa viza ya matembezi, utabadilishiwa hukohuko.” Ndugu zangu, mkisikia maneno hayo, simamisheni shughuli. Mtu akifanya kazi bila kibali hawezi kushtaki asipolipwa. Akiugua hana bima. Akinyang'anywa pasipoti anaogopa kwenda polisi. Hapo mwajiri mbaya hahitaji minyororo, kwa kuwa hofu inatosha kumfunga kijana.

Yupo atakayejibu, “Mbona fulani alikwenda hivyohivyo, na leo amejenga?” Ni kweli, wapo. Lakini aliyevuka mto wenye mamba akafika salama hakuthibitisha kwamba mto hauna mamba.

Mtego wa pili ni kazi isiyokuwapo. Mwaka 2022 Serikali ya Kenya ilitangaza kuwaokoa vijana wake walioahidiwa kazi Thailand, kumbe walipelekwa Myanmar na kulazimishwa kutapeli watu kwa mtandao. Walikuwa wasomi, wenye kujua Kiingereza na kompyuta. Elimu haikuwakinga, ndiyo iliyowafanya watafutwe.

Mtego wa tatu ni nauli ya bure na mzigo wa kubeba. Padre John Wotherspoon, aliyewahudumia wafungwa Hong Kong, tangu mwaka 2013 alisambaza barua za wafungwa Waafrika, wakiwamo Watanzania, waliokuwa wakiwasihi ndugu zao wasikubali kubeba dawa za kulevya. Katika Uchina adhabu ya kosa hilo hufika hata kifo. Kijana asibebe mfuko wa mtu, hata kama mtu huyo ndiye aliyemlipia tiketi.

Tena tusisahau mwezi Aprili 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, Waafrika wengi mjini Guangzhou walipotolewa katika nyumba walizopanga, hata mabalozi wa Afrika wakaandika barua ya malalamiko. Siku ya taabu, mgeni asiye na hati ndiye wa kwanza kulala nje.

5. Ardhi ya ukoo

Nauli na ada ya wakala hutoka wapi? Mara nyingi hutoka katika kikoba cha mama, au katika kipande cha shamba. Katika Uluguru ardhi ni chache, na miteremko ni mikali. Kwa desturi ya Waluguru ukoo huhesabiwa upande wa mama, na shamba la ukoo si mali ya mtu mmoja. Wenye haki ni pamoja na wadogo, na watoto ambao hawajazaliwa. Wazee wetu waliithamini ardhi hiyo kiasi kwamba mwaka 1955, kule Matombo, walisimama dhidi ya mpango wa matuta walioletewa na wakoloni kwa nguvu. Je, sisi tutaiachia kwa karatasi ya wakala asiye na ofisi?

Mjomba asikubali peke yake, wala asikatae peke yake. Kaeni kikao cha ukoo, akina mama wakiwamo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inataka halmashauri ya kijiji ihusishwe katika kuhamisha haki ya ardhi ya kimila. Safari halali haiharibiwi na wiki mbili za kuuliza. Wakala anayesema “leo leo, kesho nafasi itakwisha” ameshajitambulisha.

6. Yatupasayo

Kwanza, kila parokia imchague mtu mmoja mwaminifu, mwalimu mstaafu au mwanasheria, wa kuwasaidia vijana kusoma mikataba. Aulize: mwajiri ni nani? Kibali kiko wapi? Viza ni ya aina gani? Nani anashika pasipoti? Wakala ana leseni ya Serikali? Chombo cha Serikali cha huduma za ajira, TaESA, kipo kwa ajili ya maswali kama hayo.

Pili, kijana akienda, asipotee. Nakala ya pasipoti na ya mkataba ibaki nyumbani. Ajiandikishe ubalozini Beijing. Jumuiya yake imkumbuke, imwandikie, na imwulize hali yake kabla ya kumwuliza amepata nini. Wengi hushindwa kurudi kwa sababu ya aibu ya kurudi mikono mitupu. Tuwaambie mapema kwamba mlango uko wazi.

Tatu, aliyedanganywa asifichwe. Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu, Namba 6 ya mwaka 2008, inamlinda yeye na kumshtaki aliyemdanganya. Tukinyamaza kwa kuwa wakala ni ndugu au mwumini mwenzetu, tutakuwa tumemtuma kijana wa pili.

Nne, na hili ni zito kuliko yote, tudai haki hapa nyumbani. Tuwaulize madiwani na wabunge wetu kwa nini shule ya mlimani haina mwalimu wa Kiingereza, ilhali anayekijua anakwenda kukifundisha ng'ambo. Nasi wenyewe tujiulize: je, shule zetu za parokia huwalipa walimu vijana ujira unaostahili, kwa wakati, na kwa mkataba wa maandishi? Hatuna uso wa kumlaumu mwajiri wa mbali ikiwa mwalimu wa kwetu hajalipwa miezi mitatu.

Nawaachieni maswali haya mkayajadili katika jumuiya zenu:

Ni vijana wangapi wa jumuiya yetu wana shahada na hawana kazi? Je, tunawajua kwa majina?
Ni nani katika kijiji chetu anayetafutia watu kazi za nje, na je, ana leseni?
Kabla ya kuuza shamba kwa ajili ya safari, ukoo wetu utauliza maswali gani?
Shule iliyo karibu nasi inakosa mwalimu wa somo gani, na tumelisema jambo hilo kwa nani?

Mwenyezi Mungu awalinde vijana wetu, wanaokwenda na wanaobaki.