Wati za Kwenye Boksi na Wati za Kweli



Nimeombwa nizungumze juu ya haki za mlaji. Badala ya kusema mengi kwa jumla, nimechagua jambo moja dogo lililomo katika nyumba zetu na katika shule zetu, nalo ni namba ya wati inayoandikwa kwenye boksi la redio, la resiva au la kikuza sauti. Nimelichagua kwa sababu linatuonyesha jinsi mtu anavyoweza kudanganywa kwa hesabu.

Shule moja ninayoifahamu ilichangisha fedha kwa wazazi ili inunue chombo cha sauti kwa ajili ya mahafali. Kamati ilikwenda dukani ikachagua kile chenye namba kubwa kuliko vyote: wati 1200, na kando yake herufi nne, PMPO. Siku ya mahafali, risala ya wanafunzi haikuwafikia wazazi walioketi nyuma. Sauti ilipoongezwa, ilianza kukwaruza. Haukupita muda mrefu, chombo kikanyamaza kabisa. Mwalimu wa fizikia alikigeuza akasoma kibao kidogo kilichobandikwa nyuma. Kiliandikwa kwamba chombo kile hutumia umeme wa wati 60.

Ndugu zangu, chombo kinachopokea wati 60 kutoka ukutani kitatoaje wati 1200? Ni kweli kwamba kapasita zilizomo ndani huhifadhi umeme kidogo, na kwa kitambo kifupi mno chombo kinaweza kutoa zaidi ya kinachopokea. Lakini hakuna mashine duniani iwezayo kutoa mfululizo nguvu iliyo kubwa kuliko ile inayoingia. Tena sehemu ya umeme huo hupotea kuwa joto. Katika vikuza sauti vingi vya aina ya zamani, karibu nusu hupotea hivyo hata vinapofanya kazi kwa nguvu zake zote.

Basi namba 1200 ilitoka wapi? Hila zake ni nyingi, nami nitazitaja nne.

Ya kwanza ni kupima kilele cha wimbi badala ya wastani wake. Kwa wimbi la kawaida la majaribio, hila hii peke yake huifanya namba iwe mara mbili. Ya pili ni kuruhusu sauti ichafuke. Kikuza sauti kikisukumwa kupita uwezo wake, hukata vichwa vya mawimbi. Namba ya wati hupanda, lakini kinachotoka ni mikwaruzo. Mwenye kiwanda anayepima kwa uchafu wa asilimia 10 atapata namba kubwa kuliko anayepima kwa uchafu usiofika asilimia 1, ingawa mashine ni ile ile. Ya tatu ni kupunguza ukinzani wa spika. Walimu wa fizikia wanajua kwamba kwa volteji ile ile, spika ya omu 4 hupokea nguvu mara mbili ya spika ya omu 8. Ya nne hutumika katika resiva za kutazamia filamu nyumbani, zenye chaneli tano au saba. Chaneli moja hupimwa peke yake, nyingine zote zikiwa zimelala, kisha jibu huzidishwa kwa saba. Lakini chaneli zote hula katika sahani moja, yaani transfoma moja. Zikifanya kazi pamoja, fungu la kila moja hushuka.

Ama hizo herufi PMPO, hazina kipimo kimoja kinachokubaliwa na wote. Kila kiwanda huzipa maana kinayoitaka.

Sisi tuliozaliwa vijijini tunalijua jambo hili kwa jina jingine: lumbesa. Mkulima anauza kwa gunia, lakini gunia lenyewe limeshonewa kilemba juu. Neno "gunia" linabaki lile lile, kilo zinabadilika, na anayeumia ni mwenye jasho. Ndiyo maana tukadai mizani. Kadhalika wati iliyotajwa bila masharti yake ni gunia lisilopimwa.

Hata katika nchi zenye viwanda vikubwa jambo hili halikurekebika lenyewe. Huko Marekani, katika miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, watengenezaji walishindana kwa namba mpaka mnunuzi akawa hana njia ya kulinganisha chombo kimoja na kingine. Mwaka 1974 Tume ya Shirikisho ya Biashara ya nchi hiyo ilitoa kanuni: anayetangaza wati za kikuza sauti cha nyumbani ataje nguvu ya mfululizo, ukinzani wa spika, upana wa masafa ya sauti na kiasi cha uchafu, tena chombo kipashwe moto kwanza kwa kufanyishwa kazi kabla ya kupimwa. Lakini kanuni ile iliwaachia watengenezaji wachague wenyewe baadhi ya masharti, na resiva za chaneli nyingi zilipoenea, mwanya ukapanuka. Mwaka 2024, yaani miaka 50 baadaye, Tume iliziba mwanya huo kwa kuweka masharti yaliyo sawa kwa wote: spika ya omu 8, masafa kutoka mitetemo 20 hadi 20,000 kwa sekunde, na uchafu usiofika asilimia 1. Tunajifunza kwamba hila haichoki, na kwa hiyo mlinzi naye hana ruhusa ya kulala.

Hapa kwetu vyombo vya kulinda vipo. Shirika la Viwango liliundwa kwa sheria ya mwaka 1975, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kumpotosha mlaji. Lakini sheria haiwezi kusimama mlangoni pa kila duka. Hapana budi mnunuzi mwenyewe awe na macho.

Kwa hiyo nashauri mambo matatu. Kwanza, kabla ya kulipa, geuza chombo usome kibao cha nyuma. Hicho ndicho kitakachokwambia kinakula umeme kiasi gani. Pili, muulize mwuzaji: hizi ni wati za mfululizo? Kwa omu ngapi? Kwa uchafu wa asilimia ngapi? Chaneli ngapi zikifanya kazi pamoja? Akishindwa kujibu, na kitabu cha maelezo nacho kisipojibu, ihesabu namba ile kuwa pambo. Tatu, usiitishwe na namba kubwa. Kutoka wati 50 hadi 100 sauti huongezeka kwa desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio huiona ndogo. Ili sauti isikike kama imekuwa mara mbili, huhitaji takribani mara kumi ya nguvu. Mara nyingi spika bora zitakufaa zaidi kuliko wati za karatasi.

Ndugu walimu, kwenu nina ombi. Somo la umeme tunalifundisha kwa mitihani, kisha tunakwenda dukani tukiwa tumelisahau. Wapeni wanafunzi kazi ya kusoma vibao vya nyuma vya vyombo vilivyomo majumbani mwao na kuvilinganisha na maneno ya kwenye boksi. Watajifunza fizikia, na watajifunza kuuliza.

Shule ile niliyoitaja ilibidi iazime vipaza sauti mwaka uliofuata. Fedha za wazazi hazikurudi. Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nami naongeza kwamba kibaya cha siku hizi hujitembeza kwa tarakimu.