Pesa ya dawa na pesa ya masomo

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano mkuu wa wanachama, Kalemie)

 

Sisi watatu tunaosimama hapa ni watoto wa chama hiki. Tulikulia kambini, mmoja upande wa Zambia, wawili upande wa Tanzania, tukarudi na wazazi wetu kwa meli, tukamaliza shule hapa. Leo tunafanya kazi vijijini katika mashirika ya misaada. Huku tukifanya kazi tumesoma pia masta ya uchumi wa fedha, mmoja akienda Lubumbashi, wengine kwa masafa.

Komite ilituita kwa sababu ya swali lililobaki katika mkutano uliopita. Binti mmoja wa chama amepata barua ya kukubaliwa kusoma masta hiyo hiyo. Anaomba msaada wa minervali. Hapo watu waligawanyika. Wengine walisema: «Ni mtoto wetu, tutoe katika sanduku la msaada, apewe.» Wengine wakauliza: «Hiyo diploma itatusaidia nini sisi wauza ndagala?» Tutajibu yote mawili. Tunaanza na hili la pili, kwa sababu jibu lake njo litatuonyesha la kufanya na lile la kwanza.

Wanasoma nini?

Wengi wanafikiri ni masomo ya kuhesabu pesa. Hapana, hiyo ni kazi ya mhasibu. Mhasibu anaandika pesa iliyokwisha kupita: imeingia kiasi gani, imetoka kiasi gani. Uchumi wa fedha unauliza juu ya pesa ambayo haijaja: nikitoa leo ili nipate kesho, ile ya kesho ina thamani gani leo? Na kama haikuja, nani atabeba hasara?

Mfano uko katika likelemba. Bamama 10 wanatoa dola 10 kila mwezi, na kila mwezi mmoja anachukua dola 100. Wote wanatoa sawa, wote wanapata sawa. Lakini je, wa kwanza na wa mwisho wamefanya jambo moja? Wa kwanza amekopeshwa bila faida. Wa mwisho amekopesha wenzake bila faida. Sasa tazameni upande mwingine: kama kila mama angejiwekea peke yake nyumbani, wote wangengoja mpaka mwezi wa 10. Kwa likelemba, ni yule wa mwisho tu anayengoja hivyo. Wenzake wote wanapata mapema, na kwa wastani mama anangoja miezi mitano na nusu. Jambo hilo bamama zetu walilijua zamani. Mwaka 1993 wataalamu watatu, Besley, Coate na Loury, waliliandika kwa hesabu katika jarida kubwa la uchumi la Marekani, na leo linasomwa katika masta. Tulipolikuta darasani tulicheka: tumevuka safari yote hii ili kusoma likelemba!

Somo la pili ni hatari. Mwaka 1952 Harry Markowitz alionyesha kwamba haitoshi kuangalia kila mkopo peke yake. Lazima uangalie kama yote inaanguka siku moja. Kikundi cha akiba kinachokopesha wauza ndagala tu kinaweza kuwa na wakopaji waaminifu kabisa. Lakini mwezi ukiwa mpevu, wavuvi wa taa hawaendi ziwani. Upepo mkubwa ukipiga, wote wanakaa nyumbani. Siku hiyo hakuna hata mmoja wa kulipa. Ukimkopesha pia fundi cherehani, mwenye shamba la muhogo na muuza chumvi, ziwa likikasirika kikundi hakizami.

Somo la tatu linaeleza kwa nini banki inatukatalia. Mwaka 1981 Stiglitz na Weiss waliandika hivi: banki ikipandisha faida juu sana, mtu mwangalifu anaondoka, anabaki yule asiyejali kama atalipa ao hatalipa. Kwa hiyo banki inaona heri kukataa kuliko kupandisha faida. Haikujui, njo maana inaomba karatasi ya parsela. Sisi wenye kurudi kutoka ukimbizini, wengi karatasi hizo tulizipoteza ao tulikuta mtu mwingine amejenga. Lakini kikundi kinamjua jirani yake, kinajua nani analipa na nani anazungukazunguka. Ujuzi huo ni mali. Mtu aliyesoma anaweza kuuweka katika buku na kuupeleka mbele ya banki ao koperative ya akiba, kwa lugha wanayoielewa.

Tena kuna somo la thamani ya pesa yenyewe. Wazee hapa hawahitaji profesa. Mwaka 1993 waliambiwa zaire 3,000,000 za zamani ni zaire mpya 1. Mwaka 1998 ikaja franka, na zaire mpya 100,000 zikawa franka 1. Mzee aliyeficha noti chini ya kitanda aliamka na karatasi ya kuwashia moto. Ndiyo sababu watu wetu wanaweka akiba kwa dola, kwa mbuzi, kwa mabati. Masta inafundisha kupima: nikiweka franka mwaka mzima, bei za sokoni zikapanda, nitabaki na nini?

Jinsi inavyosomwa

Kijana anayetaka kuingia ajue mapema. Kwa mfumo wa LMD ulioenea sasa katika vyuo vya nchi yetu, masta ni miaka 2, krediti 120. Mwanzoni ni hesabu, tena hesabu, na takwimu. Yule aliyekimbia hesabu shuleni atazikuta zinamngoja. Kiisha inakuja ekonometria: kupima kwa namba kama jambo moja linasababisha lingine. Kuna programu ya kompyuta inayoitwa R, ni ya bure, inafanya kazi hiyo. Mwishoni ni tasnifu. Mwalimu anafundisha kwa Kifaransa, makala ni za Kiingereza, na sisi usiku tunaelezana kwa Kiswahili. Umeme ukikatika, unangoja. Intaneti inakula makuta kama mtoto wa pili ndani ya nyumba.

Jambo moja la karatasi. Wengi wetu tuna diploma za mifumo tofauti: wengine wana ule wa zamani wa miaka 3 ya gradua na 2 ya lisansi, wengine wana LMD, wengine walisoma ngambo ya ziwa. Kabla ya kulipa hata franka moja, uliza kama diploma yako itakubaliwa kule unakokwenda, na kama ile utakayoileta itakubaliwa hapa. Tanzania kazi hiyo inafanywa na Tume ya Vyuo Vikuu. Kwetu, uliza wizara ya elimu ya juu. Pata jibu kwa maandishi, usitosheke na la mdomo.

Na diploma si kazi. Kuna nafasi katika mabanki, katika koperative za akiba, katika mashirika yanayogawa msaada wa pesa taslimu. Lakini hatuwezi kuwaahidi kwamba binti huyu akirudi atakuta kiti kinamngoja. Anayewaahidi hivyo anawadanganya.

Kwa nini tusiguse sanduku la msaada

Sasa tunafika penye maumivu. Sisi tunataka binti huyu asome. Tunataka sana. Hata hivyo tunawaomba msitoe minervali yake katika sanduku la msaada.

Sababu yenyewe ni somo la masta. Mwaka 1983 Diamond na Dybvig walieleza kwa nini banki nzima inaweza kuanguka katika siku chache. Walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2022 pamoja na Bernanke. Maneno yao kwa ufupi: banki inapokea pesa ambayo mwenyewe anaweza kuidai leo, inaikopesha kwa kazi itakayorudisha baada ya miaka. Wakija wachache, hakuna shida. Lakini watu wakisikia kwamba pesa haitoshi, wote wanakimbia kuwa wa kwanza mlangoni. Na kwa kukimbia hivyo, wanaiua banki ambayo pengine ilikuwa nzima.

Sanduku letu ni la kufiwa, kuzaa, ugonjwa na nyumba kuungua. Hiyo ni pesa ya dawa. Haijui kungoja. Masta ni pesa ya miaka 2, na miaka mingine ya kurudisha. Tuseme sanduku lina dola 1,200, tukatoa 900. Zinabaki 300. Kipindupindu tunakijua mji huu. Kikipita katika mtaa mmoja, familia tano zinaweza kuja juma moja. Ya nne ikirudi mikono mitupu, ya tano haitauliza tena: itaacha kuchanga. Na jirani yake ataacha pia. Hapo hatutapoteza dola 900. Tutapoteza chama. Na binti wa watu atasoma akijua kwamba kila daftari lake limelipwa na jeneza lililokosa mbao. Tusimbebeshe mzigo huo.

Tunapendekeza nini

Kwanza, tufungue mfuko wa masomo, wenye buku lake, sanduku lake na funguo tatu kwa watu watatu wengine. Pesa isivuke kutoka sanduku moja kwenda lingine, hata kwa siku moja, hata kwa sababu nzuri.

Pili, mfuko huo upokee pesa inayoweza kungoja tu: mchango wa hiari wa wanachama, na msaada wa wafadhili. Hapa tunasema na ninyi wageni wetu kwa heshima. Sisi tunaandika ripoti zenu, tunajua miradi mingi ni ya miezi 6 ao 12. Mwanafunzi akilipiwa mwaka mmoja akaachwa wa pili, amepata deni na hana diploma. Heri kumlipia mmoja miaka yote 2 kuliko kuwaanzisha wanne na kuwaacha njiani. Tukipata ahadi ya miaka 2 kwa maandishi, tuanze. Tusipoipata, binti aandike chuoni aombe nafasi yake ingoje mwaka ujao. Inauma, lakini mwaka mmoja si maisha.

Tatu, pesa ilipwe moja kwa moja chuoni, kila muhula, baada ya kuona matokeo ya muhula uliotangulia.

Nne, arudishe kwa sehemu ya mshahara, isiwe kiasi kilekile kila mwezi. Wazo hili Milton Friedman aliliandika tangu mwaka 1955, na Australia ilianza mwaka 1989 kuwadai wanafunzi wake kwa kufuata kipato chao. Akipata kazi nzuri, arudishe haraka ili mwingine aende. Akikosa kazi, asifungwe shingo. Lakini dawa ya deni kulipa: kipato kikija, sehemu ya mfuko itoke kwanza.

Tano, asingoje diploma ndiyo aanze kutumika. Kila likizo akae siku chache na vikundi vya akiba, awafundishe bamama kusoma buku zao wenyewe: mikopo mingapi iko kwa wavuvi, mingapi imechelewa, sanduku likifunguliwa kesho litawatosha wangapi. Sisi watatu tuko tayari kuanza kazi hiyo mwezi ujao, bila malipo, katika vikundi vitakavyotuita.

Ndugu zetu, muuza ndagala aliyeuliza diploma itatusaidia nini aliuliza vizuri, na tunamjibu hivi: itusaidie kulinda sanduku lako. Kama elimu hiyo inaanza kwa kulivunja, basi haijaanza vizuri.

Kura itapigwa katika mkutano ujao. Binti yuko hapa kati yetu. Tulizungumza naye kabla ya kusimama, na ametuambia yeye mwenyewe hataki pesa ya wagonjwa. Basi anayeweza kuchanga kwa hiari, buku jipya liko kwa mama mweka hazina kuanzia leo.