Mafuta Yaliyomo Ndani ya Bushi
Shafti za feni nyingi za mezani zinazouzwa Kariakoo huzunguka ndani ya bushi ndogo ya unga wa shaba na bati, takriban 90 kwa 10, ulioshindiliwa na kuchomwa bila kuyeyuka wote. Vitundu vinavyobaki hushika mafuta, karibu asilimia 20 ya ujazo wa bushi. Shafti ikipata joto mafuta hutoka, ikipoa hufyonzwa tena. Kwa hiyo fundi anayeweka badala ya bushi hiyo kipande cha shaba iliyochongwa, kwa kuwa ni kigumu zaidi, anamkosea mteja: ugumu mkavu hula shafti. Mafundi hao watasema tone la mafuta linatosha. Linatosha kwa muda tu, na mafuta ya nje hunasa vumbi la mtaani. Wala beringi ya gololi si lazima: mashine ya kusaga, yenye mzigo mzito, ndiyo inayoihitaji, feni haiihitaji.