Nafuu ya Kodi ya Wakati wa Korona: Tusile Feza Yenye Bado Kuulizwa

Mazungumzo ya komiti mbele ya mkutano wa wanachama. Tumeyaandika hapa kwa ajili ya wale wasioweza kufika, na kwa wafadhili wetu walio mbali.



Wote tunajua namna chama chetu kinaishi. Kambini Tanzania tulikuwa jamaa moja. Halafu njia zikagawanyika: sisi tukavuka ziwa tukarudi kwetu, wengine wakapanda ndege kwenda Marekani. Hao wa Marekani ndio sehemu kubwa ya wafadhili wetu. Wengi wamefungua biashara ndogo: lori la mizigo, usafi wa maofisi, duka la vyakula vya kwetu. Na vijana wetu hapa waliosoma kontabilite wanawashikia vitabu kwa simu na kompyuta, wengine mpaka kuwatayarishia karatasi za kodi. Njo maana leo tunasema juu ya sheria ya Marekani katika mkutano wa Congo. Ndugu wa kule akidaiwa na Leta, bati za hapa hazifiki.

Sheria kubwa ya msaada wa Korona, inayoitwa CARES, ilitiwa sahihi kule tarehe 27 Machi 2020. Ilifungua milango mingi kwa wenye biashara, na kila mlango una ufunguo wake. Watu wengi walichanganya kusamehewa, kuahirishiwa na kurudishiwa. Tuyatenganishe.

Kusamehewa ni mambo ya mkopo wa PPP, uliopitia benki. Aliyetumia asilimia 60 au zaidi kwa mishahara, na iliyobaki kwa pango, umeme na gharama nyingine zilizoruhusiwa, aliweza kuomba asamehewe. Hata dereva anayejiajiri peke yake aliweza kuupata. Uliosamehewa haukuhesabiwa kuwa mapato katika kodi ya serikali kuu. Lakini kulikuwa na mkopo mwingine, EIDL, uliotoka moja kwa moja kwa biro ya serikali ya biashara ndogo, kwa riba ya asilimia 3.75 na muda wa miaka 30. Huo haukusamehewa. Ni deni, na lazima lilipwe.

Kuahirishiwa ni mambo ya mchango wa pensheni. Toka 27 Machi mpaka 31 Desemba 2020, mwajiri aliruhusiwa kushika kwanza sehemu yake ya asilimia 6.2. Nusu ilipaswa kulipwa kufikia mwisho wa 2021, na nusu nyingine kufikia mwisho wa 2022. Hakuna aliyeifuta.

Kurudishiwa ni ERC, nafuu ya kodi kwa mwajiri aliyeendelea kulipa wafanyakazi wake. Hapa tukae kidogo, maana hapa njo watu wengi wameumia.

Kwa mwaka 2020, ERC ilikuwa asilimia 50 ya mshahara, kwa mshahara usiozidi dola 10,000 kwa mwaka wote. Basi mwisho ni dola 5,000 kwa kila mfanyakazi. Kwa 2021 ilipanda: asilimia 70 ya mshahara usiozidi dola 10,000 kwa kila miezi mitatu. Kwa wengi ilikoma mwisho wa Septemba 2021. Ndugu aliyelipa mfanyakazi dola 3,000 kwa mwezi, ni 9,000 kwa robo ya mwaka, anarudishiwa 6,300. Ukijumlisha kikomo cha miaka yote miwili unapata dola 26,000 kwa mfanyakazi mmoja. Hesabu hiyo ni ya kweli, na ndiyo iliyotangazwa kila mahali na watu waliopiga simu wakisema: "Lete jina la biashara, sisi tutakujazia, utatupa sehemu yetu ukilipwa."

Hawakusema masharti. Biashara ilipaswa kuwa imefungwa yote au kwa sehemu kwa amri ya serikali, ama mapato yake yawe yameanguka sana kuliko robo ileile ya 2019: kushuka chini ya nusu kwa 2020, au chini ya asilimia 80 kwa 2021. Kusema tu "Korona ilitusumbua" hakukutosha. Tena mshahara uliolipwa kwa feza ya PPP iliyosamehewa haukuruhusiwa kuhesabiwa mara ya pili kwa ERC. Na anayejiajiri hapati ERC juu ya kipato chake mwenyewe. Wasaidizi wanaolipwa kama wakandarasi hawahesabiwi pia.

Na kuna sharti linalotugusa sisi zaidi. Kwetu, mfanyakazi wa kwanza ni ndugu. Mtu akifungua kampuni ya usafi, anaita mdogo wake, mtoto wake, shemeji. Sheria ya ERC inasema mshahara wa jamaa wa karibu wa mwenye biashara hauhesabiwi: watoto, wazazi, kaka na dada, wajomba na shangazi, wapwa, wakwe na mashemeji. Mtoto wa baba mdogo hayumo katika orodha hiyo, lakini sisi tunamwita ndugu, na katika karatasi atatiwa pamoja na ndugu wa tumbo moja. Kijana anayeshika vitabu asiulize tu "Huyu ni nani kwako?" Aulize: "Mmezaliwa na nani?" Kampuni ya watu watano ambao wanne ni ndugu wa damu ina mfanyakazi mmoja tu wa kuhesabiwa.

Je, mambo haya yamepita? Hapana. Septemba 2023 biro ya kodi ya Marekani, IRS, ilisimamisha kushughulikia madai mapya kwa sababu ya uongo uliozidi. Baadaye iliwapa waliolipwa bila haki nafasi ya kurudisha asilimia 80 na kumaliza, na mara ya pili, mwaka 2024, asilimia 85. Nafasi hizo zimefungwa. Sheria ya Julai 2025 imeongeza muda wa kukagua ERC ya nusu ya pili ya 2021 mpaka miaka 6. Kwa udanganyifu wa PPP na EIDL, serikali iko na miaka 10 ya kushitaki. Na aliyepiga simu ameshachukua sehemu yake, ameenda. Anayedaiwa ni mwenye biashara.

Kwa hiyo komiti inaomba mambo matatu.

Kwanza, vijana wetu. Mtu yeyote anayelipwa kutayarisha tamko la kodi ya serikali kuu ya Marekani lazima awe na namba ya PTIN na atie sahihi yake, hata akiwa Uvira au Bukavu. Kama huna, shika vitabu, panga fakture na orodha za mishahara, halafu mwachie mwenye namba ajaze.

Pili, wafadhili wetu. Kama ulipata ERC kupitia mtu wa simu, tafuta mtaalamu mwingine mwenye kutia sahihi, akague karatasi zako kabla barua haijafika. Feza yenye bado swali usitutumie. Tutangoja. Afazali darasa likawie kuliko ndugu apoteze lori lake.

Tatu, sisi wote. Tusimlaumu mfadhili aliyepunguza mchango wake mwaka huu. Huenda analipa deni la 2021. Tumpigie simu kumsalimia, tusimpigie kumdai.

 Mwenye swali afike biro ya chama na karatasi zake mkononi.