Nguo ya Krismasi
Maneno yaliyosemwa mbele ya walimu na mkutano wa Wakristo katika siku za Jubilei



Tumeagizwa kusema maneno machache juu ya sikukuu ya Kuzaliwa Bwana, na maana yake katika moyo wa mtu mmoja mmoja. Tulipopewa kazi hii tuliiona nyepesi, maana ni nani kati yetu asiyeijua habari ya Krismasi? Hata watoto wadogo waijua. Walakini tulipoketi kuandika, jambo moja lilituziba njia, wala hatukuweza kulipita. Basi tutaanza na hilo, ingawa si jambo la kutuletea sifa.

Yapata miaka minane sasa, tulikuwa tukihudumu katika mtaa mmoja ambao jina lake tutaliacha. Mtaani mle alikuwako mzee mmoja, mkulima wa korosho, pamoja na mkewe na wajukuu watatu waliowalea tangu mama yao alipofariki. Hapakuwa na Jumapili waliyoikosa. Mvua ikinyesha, walikuja. Na wakati wa kupalilia, watu wengine wanapokumbuka ghafula kwamba shamba nalo ni kazi ya Mungu, wao walikuja. Mzee alikaa daima upande wa kuume, karibu na dirisha, na kila tulipokosea hesabu ya wimbo yeye ndiye aliyekohoa, nasi tukajua kwamba tumekosa tukatazama tena kitabuni.

Lakini siku ya Krismasi hawakuja. Mwaka wa kwanza hatukujali. Tulidhani wamekwenda kwa jamaa zao. Mwaka wa pili ikawa vilevile. Jumapili ya mwisho ya Majilio walikuwapo, na siku ya sikukuu mahali pao dirishani palikuwa patupu. Ndipo alasiri ile, baada ya chakula, tukaondoka kwenda kuwatazama, tukidhani labda mtu ni mgonjwa.

Tuliwakuta wameketi barazani, wazima wote. Tukamwamkia mzee, akaitikia, akatuletea kigoda. Tukamwuliza habari, akasema njema. Mwisho tukamwuliza, "Babu, mbona hatukuwaona leo?" Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, Jumapili ni yetu sote. Krismasi ni ya wenye nguo."

Tukamwambia, "Babu, neno hilo umelipata wapi?"

Akasema, "Kwako, Mwalimu."

Akatukumbusha. Alisema kwamba tulisimama mbele ya watu katika siku za Majilio, tukasema Mgeni mkubwa anakuja, mtu asije kumpokea na nguo kuukuu. "Mimi nina shati moja," akasema, "na hawa watoto nguo zao ni hizi unazoziona. Mwaka huu korosho hazikuzaa. Nikaona tusikuaibishe mbele ya wageni."

Ndugu zetu, hakusema kwa uchungu, na hilo ndilo lililotuchoma. Angalitulaumu tungaliweza kujitetea. Lakini yeye alikaa nyumbani siku ya kuzaliwa Mwokozi wake ili kuilinda heshima yetu sisi, mwalimu wake. Na maneno yale ni kweli tuliyasema. Tuliyasema pasipo kufikiri, katikati ya matangazo, baada ya habari ya kufagia uwanja na kabla ya habari ya sadaka. Tulikuwa tukiwafikiri watu wetu wanaorudi kutoka Dar es Salaam kwa sikukuu, na vitenge vyao vipya, tukataka wasituone washamba. Ndiyo yote. Neno dogo la matangazo lilifunga mlango wa kanisa kwa watu watano, miaka miwili.

Usiku ule tulifungua Injili ya Mtakatifu Luka, sura ya pili, tukaisoma kama mtu asiyeijua. Tuliona jambo ambalo tulikuwa tumelisoma mbele ya watu mara nyingi bila kuliona. Katika habari yote ya usiku ule wa Bethlehemu, nguo inayotajwa ni moja tu, navyo ni vile vitambaa ambavyo Mariamu alimfungia Mtoto wake. Mavazi ya Yusufu hayatajwi. Wachungaji walikuwa kondeni wakilinda kundi usiku, na waliposikia habari walikwenda kwa haraka. Injili haisemi kwamba walipita nyumbani kubadili nguo. Tena kile kitambaa ndicho alama waliyopewa na malaika ili wamtambue Bwana: mtoto aliyefungwa vitambaa, amelala horini. Yaani hawakuambiwa watafute mavazi ya kifalme. Waliambiwa watafute jambo ambalo kila mama maskini hulifanya kwa mtoto wake, na mahali pa kulishia ng'ombe. Angalikuwa amevikwa zari, labda wangaliogopa kuingia.

Sisi nasi twatengeneza hori kila mwaka kanisani, na ni desturi njema. Watu husimulia jinsi Mtakatifu Fransisko alivyofanya hori pale Greccio, katika nchi ya Italia, mwaka 1223, kwa majani makavu na ng'ombe na punda wa kweli, ili watu waione kwa macho yao dhiki aliyozaliwa nayo Bwana. Kwetu twaweka pamba juu ya paa la hori kuiga theluji, na huku nje ni Desemba, jua kali na mvua za kwanza, na mahindi ndiyo kwanza yanachipua! Lakini pamba si neno. Neno ni kwamba twaweza kuipamba dhiki ya Bwana hata isionekane tena.

Sasa tutawapeleka Unguja, maana huko ndiko lilikotoka jambo la pili tunalotaka kusema, nalo latuhusu sisi watu wa upande huu wa Masasi kuliko wengi wanavyojua.

Nahodha mmoja Mwingereza, jina lake Smee, alifika Unguja mwaka 1811, akaliona soko la watumwa, akaandika aliyoyaona. Watumwa hawakuletwa sokoni wachafu. Walioshwa, wakapakwa mafuta ya nazi mpaka ngozi zikang'aa; nyuso zao zikatiwa rangi, na mikononi na masikioni wakavikwa mapambo. Kisha wakapangwa kwa safu na kupitishwa njiani, mwenye mali akitangaza bei. Ndugu zetu, fikirini jambo hili. Hapo palikuwa na watu waliopambwa vizuri kuliko siku nyingine yoyote ya maisha yao, na siku hiyo ndiyo waliyohesabiwa kuwa si kitu. Pambo lile halikuwa heshima yao. Lilikuwa la kuongeza bei.

Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa. Utumwa wenyewe haukukoma siku ile. Sheria ya Unguja iliacha kuutambua mwaka 1897, na hata baada ya hapo palikuwa na masazo yake. Lakini soko lilifungwa, na kiwanja chake pale Mkunazini kikaja mikononi mwa misioni. Edward Steere, aliyekuwa bado padre, aliyefanywa askofu mwaka uliofuata, aliazimia kujenga kanisa mahali pale pale. Na jiwe la msingi liliwekwa siku gani? Siku ya Krismasi, mwaka ule ule wa 1873. Miezi michache tu nyuma, juu ya udongo ule, watu walikuwa wakifunguliwa vinywa ili meno yao yatazamwe. Sasa watu walisimama pale kumshukuru Mungu kwa Mtoto aliyezaliwa.

Siku ile ilifaa. Mtume Paulo, alipowaandikia Wafilipi, alieleza kuja kwa Bwana kwa neno ambalo watu wa Mkunazini wangalilifahamu bila mwalimu: kwamba alijivua utukufu wake, akatwaa hali ya mtumwa. Basi Krismasi ni siku ya Mungu kuingia katika safu ile ya watu wanaotazamwa kwa nje na kutiwa bei, asimame pamoja nao.

Na miaka mitatu baadaye, mwaka 1876, Askofu Steere alitoka Unguja na kundi la watu waliopata uhuru wao, akapita Lindi, na mwezi wa Novemba wakafika Masasi. Walikusudia kwenda mbele zaidi, kuelekea Ziwa Nyasa, lakini waliipenda nchi wakakaa. Hesabuni wenyewe majuma: Krismasi iliwakuta hapo wapya kabisa. Mavazi yao siku ile hatuyajui. Twajua kwamba walikuwa watu waliowahi kutiwa bei, na sasa hakuna aliyekuwa na bei juu yao. Katika hao ndipo ulipoota mti huu ambao leo twaufanyia Jubilei. Sisi, wana wa mti huo, ndio tuliomfanya mzee yule aone kwamba shati lake latosha Jumapili wala halitoshi Krismasi.

Sasa mtauliza, tulifanya nini? Twasema kweli, hatukufanya vema mara moja. Kwanza tuliwaambia wazee wa kanisa, bila kutaja jina, nao wakataka kuchanga fedha tuwanunulie nguo. Tulipomdokeza mzee habari hiyo alikataa kwa upole, akasema, "Mkinivika, kila atakayeniona atajua kwa nini nimevikwa." Tukaona ni kweli, tungalimrudisha safuni kwa njia nyingine.

Kisha tukafanya kosa la pili. Mwaka uliofuata, katika Majilio, tulihubiri kwa ukali juu ya nguo mpya. Baada ya ibada mama mmoja alitungoja nje. Akasema, "Mwalimu, nimeuza maandazi mwaka mzima, nikiweka akiba kidogo kidogo, niwashonee wanangu magauni ya sikukuu. Je, furaha yangu nayo ni dhambi?" Tukaona haya tena. Hapana, si dhambi. Mariamu naye alikuwa amemwekea Mtoto vitambaa vyake. Mama amvikaye mtoto wake kwa furaha hafanani hata kidogo na mwuza watu apambaye mali yake. Kosa halikuwa katika gauni. Lilikuwa katika jicho letu, lililopita juu ya watu siku ya sikukuu likitafuta nani ang'aaye.

Basi Jumapili iliyofuata tulikiri mbele ya mkutano wote, tukiwa tumesimama palepale pa matangazo, kwamba miaka miwili iliyopita tulisema neno baya, na neno lenyewe tukalitaja. Hatukumtaja mtu. Tukasema kwamba siku ya Krismasi kila mtu aje kama alivyo, mwenye gauni jipya na alivae, asiye nalo asijali. Na sisi wenyewe tutakuja na kanzu yetu ya kila siku, ile yenye kiraka begani. Wengine walinung'unika. Mmoja alisema twalishusha kanisa.

Siku ya Krismasi mzee alikuja, na mkewe, na wajukuu. Hakwenda dirishani pake. Alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango, penye watu wengi wasimamao, nasi hatukuthubutu kumwita mbele. Tukaanza ibada. Tulipofika kwenye wimbo wa pili tukatangaza hesabu yake, na kwa kuwa moyo wetu haukuwa umetulia, tukaikosea.

Kutoka mlangoni mtu akakohoa.